Mita za Mzee Sindano

Watu walimwita Sindano kwa sababu mbili, na zote zilikuwa za kweli. Kwanza, mkononi mwake haikukosekana ile sindano ndefu ya kushonea magodoro. Pili, ulimi wake ulichoma. Mteja akimletea godoro lililobonyea katikati, Sindano alilizunguka, akalikandamiza kwa goti, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Hapa alilala mtu au liliegeshwa lori?" Mteja akicheka, urafiki umeanza. Akinuna, shauri yake, godoro litashonwa vilevile na litashonwa vizuri.

Kwa miaka thelathini na minane alichambua pamba, akaichapa kwa fimbo mpaka ikaumuka, akaishindilia ndani ya kitambaa, akashona. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja dogo, na jua la asubuhi lilipopenya pale ungeona vumbi la pamba likielea hewani bila haraka, kana kwamba limepewa likizo. Waliomshauri afunge kitambaa puani aliwacheka. "Pamba ni laini," alisema. "Itaniumiza kwa kitu gani?"

Ilimwumiza kidogo kidogo, bila kelele. Alianza na kikohozi cha asubuhi, akakiita mafua. Kikaja kikohozi cha jioni, akakiita uzee. Halafu zikaja ngazi. Yeye na mkewe waliishi ghorofa ya pili ya jengo lile lile lenye karakana, na alipotimiza miaka sitini na mmoja, ngazi alizokuwa akizipanda na godoro begani zikawa mlima. Akifika pale zinapokata kona, kifua kilimbana kama mtu amekivika mkanda na kuukaza hadi tundu la mwisho.

Lakini Sindano hakuwa mtu wa kuonekana amesimama bure. Akabuni ujanja: akifika kwenye kona, anatoa simu, anaiweka sikioni, anazungumza na mteja asiyekuwepo mpaka pumzi irudi. Majirani wakipita wanamsalimu kwa ishara, wasimkatize. Ujanja huo ulimfaa karibu mwaka mzima, hadi jioni moja alipokuwa akisema, "Ndiyo, mheshimiwa, nimekuelewa, futi tano kwa sita," na simu ikalia. Ikalia palepale sikioni, nusura aiangushe.

Mkewe alikuwa amesimama juu ya ngazi, simu yake mkononi, anampigia yeye.

"Pokea," akamwambia. "Inaelekea mheshimiwa amekata."

Mkewe alikuwa karani wa shule kabla ya kustaafu, na makarani wa shule hawadanganyiki. Wameshasikia kila aina ya kisingizio. Hakumgombeza. Alishuka, akakaa naye kwenye kidato mpaka pumzi yake ikatulia, kisha akasema, "Mume wangu, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kesho tunakwenda hospitali, na usiniambie una godoro la mtu."

Hospitalini walimpa mrija apulize. "Puliza! Puliza! Usiache, usiache, bado!" muuguzi akamhimiza kama anashangilia mpira, na Sindano akapuliza mpaka akaona nyota mchana. Daktari akaisoma karatasi iliyotoka kwenye mashine. Mirija ya hewa imebana, akasema, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Alimpa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akamwamuru avae barakoa kazini na atoboe dirisha la pili, na akampiga marufuku kuchapa pamba ndani ya chumba.

"Kwa hiyo ndiyo basi tena?" Sindano akauliza. Sauti yake haikuwa na mwiba safari hii.

"Basi nini, mzee? Mapafu yamechoka, lakini miguu yako imechoka zaidi kwa sababu umeiacha ikae. Hiyo inaweza kurudi. Nenda mwisho wa korido, kuna dada pale anatafuta watu kama wewe."

"Anawatafutia nini?" mkewe akadakia.

"Anataka kuwatembeza."

Aliyekuwa mwisho wa korido alikuwa mtaalamu wa tiba ya mazoezi, mwanamke kijana mfupi, raba nyeupe miguuni, saa ya kuhesabia dakika ikining'inia shingoni. Kazi yake ilikuwa kuwarudishia nguvu wagonjwa wa moyo na mapafu. Wagonjwa walimwita Dada Mita, maana kila aliyemkaribia alipimwa ametembea mita ngapi.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama," akawakaribisha, kisha akaeleza jambo lake bila kuzungukazunguka. Ilikuwa inajulikana tayari kwamba mgonjwa wa mapafu akifanya mazoezi hospitalini, mbele ya mtaalamu, anapata nafuu. Hilo halina ubishi. Shida ni kufika. Mtu anatakiwa aje mara tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza anakuja, ya pili anachelewa, ya tatu haonekani. Sasa yeye na wenzake walikuwa wanauliza: je, mtu akifanyia nyumbani, kwa kiti chake na ngazi zake, wao wakimpigia simu mara moja kwa wiki, atamzidi yule anayetumia dawa tu?

"Yaani sisi ndio panya wenu," Sindano akasema.

"Panya hatumwombi ruhusa, baba. Wewe ninakuomba. Na ukisema hapana, dawa zako ziko palepale."

Jibu hilo lilimfurahisha. Akaweka sahihi.

Alipimwa siku hiyo hiyo. Korido ilikuwa na koni mbili za plastiki, mita thelathini kutoka moja hadi nyingine. Akabanwa kifaa kidogo kwenye kidole, cha kuonyesha hewa iliyomo kwenye damu, akaambiwa atembee kwenda na kurudi kwa dakika sita, kwa mwendo anaouweza. Alianza kwa mbwembwe, kama anakwenda kupokea zawadi. Dakika ya pili akashika ukuta. Dakika ya nne akaushika tena. Saa ilipolia alikuwa amemaliza mita mia mbili themanini na nane, na mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi, aliugeuza uso dirishani ili asionekane anavyomtazama.

Zikaja bahasha. Zilikuwa zimepangwa na kufungwa na mtu mwingine, hata Dada Mita hakujua kilichomo. Nusu ya watu wangefanya mazoezi kwa wiki kumi na mbili. Nusu wangebaki na dawa na ushauri wa kawaida, wasubiri zamu yao. Mbele ya Sindano alikuwepo mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyepikia shule ya bweni kwa miaka ishirini na mitano mpaka moshi ukamwingia kifuani. Akachana yake: mazoezi. Akapiga kigelegele, kikakatizwa na kikohozi, akakimalizia kilipokatikia.

Sindano akachana yake: kusubiri.

"Tangu nizaliwe sijashinda bahati nasibu," akanung'unika. "Hata mke wangu nilimpata kwa kumsumbua."

Wiki ya tatu akakutana na yule mama, Mama Mpishi kama walivyomwita, kwenye dirisha la dawa, akamwona amebadilika. Alikuwa anaongea sentensi nzima bila kupumzika katikati. Sindano akajipenyeza kando yake kama mtu anayeuliza habari za magendo.

"Wanawafundisha nini huko, dada yangu?"

"Tumekatazwa kusema."

"Sikuombi useme. Nakuomba unionyeshe."

Mama Mpishi akatazama kushoto na kulia. Alikuwa na moyo wa huruma na mdomo mwepesi, na viwili hivyo vikikutana siri haina pa kukaa. Palepale nyuma ya mlango akamwonyesha: unakaa kitini, unasimama bila kushika, unakaa tena. Unapanda kidato kimoja, unashuka. Unainua chupa mbili za maji kama unachota kisimani. Pumzi inavutwa kwa pua, inatolewa taratibu kwa midomo iliyobanwa, kama unapoza chai. "Na ukitembea, tembea mpaka uhisi unaongea kwa shida kidogo, siyo mpaka uhisi unakufa. Sasa nenda, sijakuona."

Tangu siku hiyo Sindano akawa mtu wa siri. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kubisha, alijifungia karakanani na kuanza: kaa, simama, kaa, simama. Siku ya kwanza alifika mara tano, akajibwaga juu ya rundo la pamba. Wiki ya pili akafika kumi na mbili. Siku moja mkewe alifungua mlango akamkuta ameinua chupa mbili, midomo ameibinua, anapuliza.

"Makubwa! Unambusu nani?"

"Nafanya mazoezi."

"Si ulipangiwa kusubiri?"

"Nasubiri huku nikifanya mazoezi."

Mkewe alitikisa kichwa, lakini hakumkataza, kwani na yeye alikuwa ameona mambo. Mumewe alikuwa anapanda ngazi bila mheshimiwa yeyote kumpigia. Jumapili moja akasema twende kwa binti yetu. Binti huyo alikaa ghorofa ya nne, upande wa pili wa mji, kwenye jengo lisilo na lifti, na baba yake hakuwa amekanyaga kwake kwa miaka miwili. Siku zote ilikuwa "njooni ninyi". Safari hii alipanda, akapumzika mara mbili, akapuliza chai yake ya hewani, akapanda tena. Binti alipofungua mlango na kumwona baba yake amesimama pale, jasho linamtiririka na anacheka, alimkumbatia huku machozi yakimtoka. "Nipe kiti kwanza," Sindano akamwambia, "kulia utalia baadaye."

Hiyo ilikuwa furaha, tena furaha ya kweli. Lakini wiki ya nane simu ikalia, na safari hii mpigaji alikuwepo. Alikuwa Dada Mita, na maswali yake: dawa anatumia? Kikohozi kikoje? Na je, kuna mazoezi yoyote ameanza?

"Mimi?" Sindano akasema. "Mimi nakaa tu kama mtungi, mwanangu."

Akakata simu akiwa anatabasamu, akageuka, akakutana na macho ya mkewe.

Inafaa mtu ajue kwamba kwa Sindano hakukuwa na tusi zito kuliko "godoro la matambara". Palikuwa na mafundi waliotandaza pamba safi juu na chini, wakajaza matambara machafu katikati. Mnunuzi anabonyeza, anaridhika, analipeleka nyumbani. Mwezi wa tatu analala juu ya mabonge. Fundi wa namna hiyo Sindano hakumsalimia, hata kwenye msiba.

"Yule binti wa hospitali," mkewe akasema polepole, "umemuuzia godoro la matambara."

"Nimemdhuru nini? Si nimepona zaidi?"

"Mimi si mtaalamu. Kamwulize yeye."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sindano ilifika mwisho usiku uleule, kabla hajapata usingizi. Kulipokucha alioga, akavaa shati lake la heshima, akaenda hospitali bila kuitwa.

Kwenye benchi nje ya mlango wa Dada Mita alimkuta Mama Mpishi, amejikunyata kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu wa zamu. Wakasalimiana kwa baridi, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Sindano akaingia kwanza.

Alisema yote, amesimama. Dada Mita hakumkatiza. Alipomaliza, yule dada aliiweka kalamu mezani.

"Baba, nikuulize. Siku ulizofanya mazoezi, nani alikupima kidole? Kama hewa ingeshuka, ukazimia kule karakanani mlango umefungwa, nani angejua?"

Sindano akavuta kiti, akakaa.

"Hilo ni la kwanza. La pili: mwishoni nitalinganisha makundi mawili. Waliosubiri wakipata nafuu kwa sababu wamefanya mazoezi kwa kificho, itaonekana mazoezi hayana maana. Nitasema, aliyekaa na aliyefanya ni sawasawa. Na mgonjwa fulani, mahali fulani, atanyimwa kitu ambacho kingemsaidia. Wewe mwenyewe umeona kinasaidia, siyo?"

"Nimeona," Sindano akasema kwa sauti ndogo. "Nimefika kwa binti yangu." Akamwelezea ghorofa nne zile, na Dada Mita, pamoja na hasira yake, hakuweza kuzuia macho yasing'ae.

"Basi nitoe," Sindano akasema. "Nifute."

"Sikufuti."

"Nihamishie kundi la mazoezi, basi."

"Sikuhamishi pia. Bahasha ilisema kusubiri, utahesabiwa kwenye kusubiri mpaka mwisho. Tukianza kuhamisha watu kila tunapoona inafaa, tutajipikia matokeo tunayoyataka. Kilichotokea nitakiandika kama kilivyotokea."

"Yaani nimetoka jasho hili lote, nihesabiwe na waliokaa?"

"Ndiyo, baba. Pole sana." Sasa alikuwa anacheka kidogo. "Na siwezi kukwambia uache, maana yanakufaa. Tutakupima, nikuonyeshe namna salama, na kila siku uandike ulichofanya. Ila niambie, nani alikufundisha?"

Sindano alikuwa na makosa yake, lakini kuwachongea wenzake hakukuwemo. "Nimejifunza tu," akasema. "Dunia ina mengi."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Mama Mpishi alikuwa ameegemeza sikio muda wote.

"Ni mimi! Mwache mzee wa watu! Nimeshindwa kulala wiki nzima!" Akavuta pumzi kwa pua, akaitoa kwa midomo iliyobanwa, kama alivyofunzwa. "Na siyo yeye peke yake. Kuna yule dereva mstaafu. Na yule mama wa nguo za mitumba."

Dada Mita alijishika kichwa. "Watatu?"

"Watatu. Wa nne alikataa, mvivu."

Dada Mita alijaribu kukunja uso, akashindwa. Walicheka wote watatu mpaka muuguzi akachungulia kuona kulikoni, halafu Dada Mita akachukua kalamu na kuandika kila kitu, jina kwa jina, siku kwa siku.

Wiki ya kumi na mbili walipimwa tena, na aliyewapima alikuwa mtu mwingine kabisa, asiyejua nani alikuwa kundi gani. Sindano alitembea bila mbwembwe safari hii, mwendo mmoja, macho kwenye koni. Aligusa ukuta mara moja tu. Mita mia tatu hamsini na moja.

Miezi minne baadaye wakaitwa kwenye ukumbi mdogo wa hospitali. Walikuwa wamefanyiwa utafiti watu sabini na sita, na karibu wote walifika, wamepangwa kwenye viti vya plastiki pamoja na wake na waume na watoto wao wakubwa. Dada Mita alisimama mbele, amevaa raba zilezile. Waliofanya mazoezi nyumbani, akasema, kwa wastani waliongeza mita arobaini na nne. Waliosubiri waliongeza kumi na moja.

"Kumi na moja za wapi?" dereva mstaafu akauliza kutoka nyuma. "Wamekaa!"

Sindano akainuka.

"Nyingine ni zangu," akasema. "Nilipangiwa nikae, nikasimama. Nikakaa, nikasimama tena, mara ishirini kwa siku. Na wewe dereva, inuka, unajua nyingine ni za nani."

Walicheka mpaka wakakohoa, kisha ukumbi mzima ukapoza chai kwa pamoja, midomo imebanwa, hadi pumzi zikarudi. Dada Mita aliwangoja. Halafu akaeleza kwamba tofauti ingekuwa kubwa zaidi bila wale watatu, lakini hata hivyo ilibaki kubwa ya kutosha kuaminika. Kwamba habari zao aliziandika ndani ya ripoti, bila majina. Na kwamba utafiti mmoja haumalizi maneno, wengine mahali pengine wataupima tena. Waliosubiri wangeanza mazoezi wiki inayofuata.

"Na kuna kitu sikukipanga," akaongeza. "Nilitaka kujua kama simu yangu inatosha. Kumbe kuna mama alifundisha watu watatu nyuma ya mlango, na wawili kati yao hawakuruka hata siku moja. Mimi ninaowapigia simu wanaruka. Kwa hiyo utafiti ujao tunauliza: mgonjwa akifundishwa sawasawa, anaweza kumfundisha mwenzake?"

Mama Mpishi alikuwa ameshainua mkono kabla swali halijaisha.

Yeye na Sindano walipewa mafunzo ya wiki tatu. Walijifunza kusoma kifaa cha kidoleni na kujua namba gani ni ya kusimamisha kila kitu. Walijifunza kwamba maumivu ya kifua au kizunguzungu si mambo ya kujikaza, ni mambo ya kukaa chini na kuita msaada. Sindano alifeli jaribio la kwanza kwa sababu ya utani, akapasi la pili.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee mrefu mwenye tai, aliyefika na daftari na kalamu mbili. Alikaa kitini, akaandika tarehe juu ya ukurasa, akaipigia mstari kwa rula.

"Tuanze," Sindano akasema. "Simama bila kushika."

"Kwanza nieleze lengo la zoezi."

"Lengo ni kusimama, Mwalimu."

"Na idadi ya marudio?"

"Tutaijua ukishaanza."

Mwalimu Mkuu akaandika "idadi: haijulikani", akaitazama kwa kutoridhika. Sindano alimsubiri. Alitamani kusema neno, lilikuwa limefika ncha ya ulimi, likiwa na makali yake yote. Lakini aliona mkono wa yule mzee ulivyoibana kalamu, akaona kifua kinavyopanda na kushuka chini ya tai, akatambua kwamba mtu huyu alikuwa na hofu kubwa ya kuonekana ameshindwa.

Akavuta kiti chake, akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Mimi siku ya kwanza nilifika mara tano, nikaanguka juu ya pamba," akamwambia. "Weka daftari chini, Mwalimu. Tusimame pamoja. Pua, halafu midomo. Moja."

Wakasimama.

"Mbili."

Walifika sita. Walipoketi mara ya mwisho Mwalimu Mkuu alikuwa amelegeza tai, uso unamng'aa kwa jasho. Alipumua mpaka akatulia, akaokota daftari lake, akaandika sita kwa tarakimu kubwa, akaizungushia duara.

"Kesho saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu. Na tai uiache nyumbani."

"Tai nitakuja nayo," Mwalimu Mkuu akasema, "lakini tutafika saba."